Kupima Mkondo Mkubwa kwa Mita Ndogo

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniandikia mara mbili akinitaka nieleze jambo lolote la ufundi litakalowafaa wanafunzi walioko darasani, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni ambao sasa wana betri na sola majumbani mwao. Nimechelewa kumjibu kwa kuwa nilikuwa safarini Kudhaa, kwa mjomba wangu, na huko ndiko nilikopata la kuandika.

Kudhaa ni katika makao ya Wabajuni yaliyoko kusini ya Kismayo, upande mmoja na Koyama, Chovai na Chula. Mwenye kuijua pwani hiyo ajua ya kuwa kazi yake ni bahari, na ya kuwa shida ya mvuvi si kumpata samaki tu, bali ni kumfikisha sokoni kabla hajaoza. Somalia haina nyaya za umeme zilizounganisha nchi nzima. Miji hupata taa kutoka kwa makampuni yake yenyewe, na vijiji vya pwani hujitegemea. Basi mjomba na wenzake wanne walichanga fedha wakanunua paneli za sola, betri mbili za ampea 100 kwa saa kila moja, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe mfano wa umeme wa mjini, na friza moja ndogo ya kugandisha barafu.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vyema. Kisha friza ikaanza kuzima usiku. Mchana, jua likiwaka, yafanya kazi bila taabu. Usiku wa manane inveta hulia pi-pi-pi, friza ikanyamaza, na asubuhi barafu ni maji. Pale ndipo maneno yalipoanza. Mmoja katika wale watano huchajisha simu za watu mchana kwa umeme ule ule, nao ni mapatano yao tangu mwanzo. Sasa ikasemwa ya kwamba huzichajisha na usiku kwa siri, na kuwa yeye ndiye amalizaye betri. Mwenyewe akaapa. Wengine wakashauri zichangwe fedha nyingine zinunuliwe betri mpya. Nilipofika nilikuta ushirika ule u karibu kuvunjika, na mjomba akaniambia, "Baba, wewe umesoma mambo haya. Pima, utuambie umeme wenda wapi."

Mita ilikuwapo. Ilikuwa ile mita ndogo ya namba ambayo wengi wenu mmeiona: kioo kinachoonyesha tarakimu, kitasa cha kuzungusha katikati, na matundu matatu chini ya kutilia nyaya mbili za kupimia. Tundu moja limeandikwa COM, na humo hukaa waya mweusi siku zote. La pili ni la volti, omu na ampea ndogo ndogo. La tatu liko peke yake, nalo limeandikwa 10A.

Nami kwa haraka nikafanya kosa. Niliufungua waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye inveta, nikatia mita katikati kwa tundu la 10A, ili umeme wote upite ndani ya mita. Nilipogusisha ncha ilitoka cheche ndogo, nami sikuijali. Kioo kikaonyesha 0.7. Nikawaita wazee waone: friza imenyamaza, simu hapana, na umeme unaotoka haufiki hata ampea moja. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tukakaa kusubiri friza iamke. Ikafanya "tik", namba zikaruka, kisha kioo kikarudi 0.00, na inveta ikazimika. Fyuzi ya mita ilikuwa imekatika.

Kwa nini ilikatika? Hapana budi turudi nyuma kidogo.

Umeme katika waya tuufananishe na maji katika mlango wa bahari. Volti ni tofauti ya kimo cha maji, upande huu na upande wa pili, ndiyo isukumayo. Ampea ni wingi wa maji yanayopita mlangoni. Ukinzani, upimwao kwa omu, ni ule wembamba wa mlango na mawe yaliyomo. Mambo haya matatu yalifungwa pamoja na Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara omu. Aliyekwisha kuifahamu kanuni hii fupi amekwisha kupata nusu ya makala haya.

Sasa, mita inapopima volti hukaa kando kama mtu aketiye ufuoni akitazama kimo cha maji. Ukinzani wake ni mkubwa mno, kwa kawaida omu milioni 10, hata maji yanayopita kwake ni kama hayapo. Lakini inapopima ampea hujitia yenyewe mlangoni. Huwezi kuhesabu maji yaliyopita pengine. Kwa sababu hiyo ukinzani wake hapo hauna budi kuwa mdogo kabisa, ama sivyo itauziba mkondo ule ule ambao yataka kuupima. Ukiifungua mita ya aina hii, nyuma ya tundu la 10A utaona kipande cha waya mnene kilichopindwa mfano wa daraja. Mara nyingi ukinzani wake ni kama omu 0.01. Ampea 10 zikipita hapo hutokea volti 0.1 baina ya ncha zake, na hiyo volti ndogo ndiyo mita inayoisoma na kuiandika kuwa ni ampea 10. Maana yake ni kwamba mita haijui kupima ampea. Hujua kupima volti peke yake, na ampea huzikisia kwa waya ule. Nawaomba mlishike sana neno hili.

Joto la waya ni ampea mara ampea mara omu. Kwa ampea 10 daraja lile hupata wati 1, nalo huvumilia. Kwa ampea 60 hupata wati 36, jambo ambalo laweza kuyeyusha risasi iliyoligandisha. Ndiyo maana kuna fyuzi, na ndiyo maana mita nyingi za bei ndogo zimeandikwa karibu na tundu lile kwamba ampea 10 zisipite zaidi ya sekunde 10 au 15, kisha mita ipumzike dakika kadhaa. Wengi hatusomi maandishi hayo kwa kuwa ni madogo.

Mtu ataniuliza, ampea 60 zatoka wapi katika friza ndogo kama ile? Jawabu ni kwamba umeme wa volti chache huhitaji ampea nyingi. Wati ni volti mara ampea. Friza ya wati 120 ikiwa mjini kwenye volti 240 hunywa nusu ya ampea tu. Kazi ile ile kwenye betri ya volti 12 yataka ampea 10, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta zakuwa 12 hivi. Hiyo ni friza inayokwenda. Friza inayoanza ni habari nyingine, kwa maana mashine yake ikitoka kusimama hunywa mara tano au zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Mara tano ya 12 ni 60. Na hata cheche ile niliyoipuuza ilikuwa onyo: inveta ina vyombo ndani vinavyohifadhi umeme, na mara tu iunganishwapo hujijaza kwa pupa.

Wakubwa wa umeme hukimbilia upande wa pili ili kuziepuka ampea. Waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni, bara ya Tanzania, hata Ras Fumba, Unguja, uliwekwa wa kupeleka megawati 100, yaani wati milioni 100. Lakini kwa kuwa umeme wake ni wa volti 132,000, kila mmoja wa nyuzi zake tatu hubeba ampea 440 hivi tu. Stata ya gari yaweza kunywa ampea 200 ufunguo unapozungushwa, na ile ya lori kubwa hupita hapo. Fikirini: gari moja likiwashwa, waya wake wa betri hubeba kwa dakika chache za jicho mkondo wa kulinganishwa na ule wa kulisha kisiwa.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa kuwa watu wa kwetu huidharau betri. Huogopa umeme wa mjini, nao wafanya vyema, lakini betri huigusa kwa mkono mtupu na kwa kuwa haikuwarusha hudhani haina madhara. Ni kweli volti 12 haziwezi kuusukuma umeme kupita ngozi kavu. Lakini zikikuta chuma, betri nzima hujimwaga kwa zaidi ya ampea elfu moja. Spana ikiangukia vichwa viwili hugeuka nyekundu. Pete na saa ya chuma huunguza kidole hata mfupani. Tena betri inayojazwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuilipua, na maji yake ni asidi. Kwa hiyo mimi huvua pete na saa kabla ya kushika betri, na hufungua madirisha. Macho hayana badali.

Liko na kosa la pili lililo baya kuliko langu. Mtu hupima ampea kwa tundu la 10A, akamaliza, akauacha waya mwekundu pale pale. Kesho ataka kupima volti za betri, au za soketi ya ukutani. Huzungusha kitasa kwenye volti, akagusa ncha mbili. Lakini mita kwa tundu lile si mtazamaji wa ufuoni. Ni kile kipande cha waya mnene. Amekwisha kuunganisha upande chanya na upande hasi moja kwa moja. Fyuzi ikiwa nzuri hukatika na mambo yakaisha. Ikiwa si nzuri, au mita haikutiwa fyuzi kwenye tundu lile (na ziko nyingi za namna hiyo, huandikwa maneno ya kusema haina fyuzi), nyaya huyeyuka mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo niliwakatalia walioniambia niifunge fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Fyuzi ya mita nzuri si ya kioo. Ni ya kauri iliyojazwa mchanga, kusudi uzi ukikatika moto wake uzimwe na mchanga usiendelee kuruka hewani. Nilikwenda Kismayo kwa mashua kuitafuta, nikaipata, nikanunua na taa moja ya mbele ya gari ya wati 55, ambayo kazi yake mtaiona.

Huko huko fundi mmoja akaniazima klampu mita, yaani mita yenye koleo la kukumbatia waya bila kuukata. Nilirudi nayo kwa furaha. Nikalifumbua koleo, nikaukumbatia waya wa betri, friza inakwenda, watu wamenizunguka. Ikaandika sifuri. Nikageuza, sifuri. Wazee walicheka sana, na yule aliyetuhumiwa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sababu yake ni hii. Umeme upitapo katika waya huuzungushia waya huo nguvu ya sumaku, na kadiri mkondo unavyozidi ndivyo sumaku inavyozidi. Koleo la bei ndogo ndani yake mna chuma kilichozungushiwa uzi wa shaba. Sumaku ikipanda na kushuka huamsha umeme mdogo katika uzi huo, nao ndio unaosomwa. Lakini lazima ipande na kushuka. Umeme wa mjini huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo koleo huusikia. Umeme wa betri hutoka upande mmoja bila kugeuka. Sumaku yake imetulia kama maji ya kisima, na koleo la aina ile halisikii kitu. Ili kupima umeme wa betri lazima koleo liwe na kipande kidogo kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall huko Baltimore, Marekani, mwaka 1879. Wakati huo yeye alikuwa bado mwanafunzi hajatimiza miaka 24, na chombo chake kilikuwa karatasi nyembamba ya dhahabu juu ya kioo. Aliona kwamba umeme upitao katika dhahabu, ukiletewa sumaku, husogezwa ubavuni, ikatokea volti ndogo ya upande. Sumaku iliyotulia yatosha. Klampu mita ya namna hii huwa na alama ya mstari ulionyooka karibu na herufi A, si ya wimbi tu, nayo ni ghali zaidi. Mwenye uwezo na ainunue, kwa maana ndiyo njia nyepesi na salama ya mikondo mikubwa. Asisahau kuifuta iwe sifuri kabla ya kukumbatia waya, kwani hata sumaku ya dunia huitia makosa, na akumbatie waya mmoja peke yake. Ukikumbatia wa kwenda na wa kurudi pamoja, sumaku zao huuana, ikaandika sifuri tena.

Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na mita ya mjomba, fyuzi mpya, na taa ya gari. Hapo nikalirudia lile neno nililowaomba mlishike: mita haijui ampea, yajua volti. Ikiwa ndani yake imetiwa daraja dogo lisilostahimili, kwa nini nisitafute daraja kubwa la nje, mita nikaiacha ufuoni?

Daraja la namna hiyo huuzwa tayari, mafundi huliita shanti. Ni vipande viwili vya shaba nyeupe au ya manjano vilivyounganishwa kwa vibao vyembamba vya madini, na juu yake pameandikwa mathalan 100A 75mV. Maana yake ampea 100 zikipita hutokea milivolti 75; milivolti moja ni sehemu ya elfu ya volti. Zikipita ampea 20 hutokea milivolti 15, na kadhalika. Ina skurubu kubwa mbili za mkondo na ndogo mbili za nyaya za mita, wala zisichanganywe, kwa kuwa kwenye skurubu kubwa kuna volti za kiungo ambazo si za shanti. Hutiwa upande wa hasi wa betri. Vibao vile si shaba tupu, ni manganini, mchanganyiko wa shaba, manganizi na nikeli uliotengenezwa na Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, mwaka 1892. Ubora wake ni kwamba hata ukipata joto ukinzani wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Shaba hubadilika: kila digrii 10 za joto huongeza ukinzani wake karibu sehemu 4 katika 100.

Shanti sikuwa nayo vile vile. Lakini waya wa betri wenyewe si una ukinzani? Waya mwekundu wa mjomba ulikuwa wa shaba, urefu wa mita 2, unene wa milimita 6 za mraba. Kwa hesabu ya kitabu waya huo una omu 0.0057. Kwa hiyo kila ampea ipitayo itatoa milivolti 5.7 tangu mwanzo wa waya hata mwisho wake.

Sikutaka kuamini hesabu peke yake, maana waya wa dukani husemwa milimita 6 ukawa 4. Hapo ndipo taa ya gari ilipofaa. Nilizima inveta, nikaitoa kwenye nyaya, nikaunganisha mahali pake taa na mita kwa kufuatana, mita kwenye 10A. Taa ikawaka, mita ikasoma ampea 4.6. Hii ni salama. Haifiki hata nusu ya uwezo wa tundu. Kisha nikaitoa mita, taa nikaiunganisha moja kwa moja, nikarudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti (nikaukagua mara mbili), kitasa kwenye milivolti, nikagusa mwanzo na mwisho wa ule waya mnene. Nyaya za mita hazikufika, nikazirefusha kwa waya mwembamba wa simu. Wembamba wake haudhuru kitu, kwa kuwa mita ikiwa kwenye volti hakuna mkondo wa kutajika upitao ndani yake. Kioo kikaonyesha 26. Gawa 26 kwa 4.6 upate 5.65. Kitabu na waya vimekubaliana.

Sasa ule waya umekuwa shanti. Nikarudisha inveta na friza, nikakaa nayo usiku kucha pamoja na mjomba, birika la kahawa kati yetu.

Friza ikinyamaza, mita ilisoma milivolti 4, yaani ampea 0.7. Huo ni ulaji wa inveta yenyewe. Hapakuwa na simu wala mwizi. Friza ikienda, milivolti 68, yaani ampea 12. Kwa kuwa ilikwenda nusu ya wakati na kupumzika nusu, wastani ulikuwa ampea 6 na kitu, na kwa usiku wa saa 12 hazikufika ampea 80 kwa saa. Betri mbili zile zina 200, na hata tukifuata kanuni ya kutozishusha chini ya nusu, zilibaki na akiba. Basi betri hazikuwa zimekwisha.

Zilibaki zile nukta za kuanza. Saa saba usiku friza ilipoamka nilikodolea kioo. Namba ziliruka hadi 350, zikaporomoka. Tatu mia na hamsini kwa 5.7 ni ampea 61, na yawezekana ilikuwa zaidi, maana mita hizi husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na kilele cha mkondo chaweza kupita katikati. Lakini ilitosha kunifungua macho. Milivolti 350 zimepotea katika waya mwekundu peke yake. Waya mweusi ni ndugu yake, umepoteza nyingine kama hizo. Jumla volti 0.7 zimepotelea njiani. Nikapima na kiungo cha kichwa cha betri, ncha moja juu ya risasi ya betri na nyingine juu ya kikuku cha waya, friza ikienda kawaida: milivolti 60, mahali ambapo pasingepita 2 au 3. Chumvi ya bahari ilikuwa imeota kutu ya kijani ndani yake. Kwa ampea 61 kiungo hicho hula volti 0.3.

Jumla ni volti nzima moja. Mchana jua likiwaka betri huwa juu ya volti 13, na volti moja ikipotea inveta haijali. Usiku betri zina volti 12 na kidogo. Friza ikianza, zenyewe hushuka hadi 11 na nusu hivi. Toa volti moja ya njiani, inveta yapata 10 na nusu, na hapo ndipo ilipowekewa kujizima ili kuzilinda betri. Hulia, ikakata. Betri zina nguvu na friza ni nzima, lakini mlango katikati ni mwembamba. Kwa kuwa jambo hili hutokea usiku tu, lilifanana na wizi.

Asubuhi mjomba akawaita wenzake wote. Sikusema mengi. Nilimpa yule wa simu ncha za mita azishike mwenyewe, friza ikanyamazishwa, wakasoma 4. Ikawashwa, wakasoma 68. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wengine, akasoma namba kwa sauti mara mbili, kisha akamtazama mwenzake akasema, "Bwana, tumekukosea." Walitoka pamoja kwenda pwani.

Nikasugua vichwa vya betri kwa msasa, nikavipaka grisi vikisha kufungwa. Fedha zilizokuwa zikichangwa kwa betri mpya zikanunua nyaya za milimita 35 za mraba, na nyingi zikabaki. Usiku wa kwanza friza haikuzima, wala wa pili.

Liko jambo lililotupendeza baadaye. Waya mpya mwekundu ni wa mita 2 vile vile. Kwa unene wa milimita 35 ukinzani wake ni omu 0.001 hivi, kwa hiyo kila ampea yatoa milivolti moja kamili. Hapana haja ya kugawa. Mjomba, ambaye hakusoma hesabu za shule, hugusa ncha mbili za waya, akasoma kioo, akajua ampea zake. Ameandika kwa chaki ukutani juu ya inveta: KULALA 1, KWENDA 12. Na tundu la 10A la mita yake ameliziba kwa nta.